Mgeni aliyekuja na mvinyo wake

Meli za kitalii zinazotia nanga Kilindini zina kanuni moja ambayo wengi wetu hatuijui. Katika kampuni nyingi abiria huruhusiwa kupanda na chupa ya mvinyo wake mwenyewe, lakini akitaka kuinywa kwenye meza ya chakula cha jioni hutozwa ada ya kufunguliwa kizibo. Ukifikiri kidogo utaona mantiki yake. Mwenye chombo anauza vinywaji, na mgeni anayekuja na chake anamharibia biashara.

Sisi tuliozaliwa katika nyumba ambamo mvinyo hauingii twaweza kulitazama jambo hili kwa mbali na kucheka. Lakini mimi sasa naishi Satellite, magharibi ya Nairobi, na asubuhi ya mbingu safi vilima vya Ngong huonekana kutoka huku. Juu ya vilima hivyo amezikwa mtu ambaye sehemu kubwa ya sifa yake ni hiyohiyo: alikuwa mgeni aliyekuja mezani na mvinyo wake. Mtu huyo alikuwa pia na nyumba Takaungu, ndiyo maana naona si vibaya tumzungumze hapa kwetu.

Jina lake Denys Finch Hatton. Alizaliwa Uingereza tarehe 24 Aprili 1887, mtoto wa mdogo wa lodi, na baba yake baadaye akaurithi ulodi huo. Akasoma Eton, kisha Oxford. Hakuwa mrithi, maana alikuwa na kaka, Toby, na katika koo zile ardhi na cheo huenda kwa wa kwanza. Wadogo hutafuta riziki jeshini, kanisani au ng'ambo. Yeye alishuka katika nchi hii mwaka 1911. Walowezi walikuwa wakigawiwa mashamba, reli ilikuwa imekwishafika ziwani, na kijana mwenye jina zuri na fedha kidogo aliweza kuanza chochote. Alianza mambo kadhaa, biashara na mashamba, na hakuna lililomshika sana. Vita vya 1914 vilipoanza aliingia na rafiki yake Berkeley Cole katika kikosi cha askari wa Kisomali, kisha akawa msaidizi wa Jenerali Hoskins, akapata nishani ya Military Cross, akapelekwa hadi Mesopotamia.

Nayapita haya haraka kwa sababu si yaliyompa jina. Jina lake lilitokana na nyumba ya mtu mwingine.

Karen Blixen, mwanamke wa Denmark, alifika Mombasa kwa meli Januari 1914 na siku hiyohiyo ya kushuka, tarehe 14, akaolewa palepale mjini na mchumba wake Bror. Wakapanda treni kwenda bara, kwenye shamba la kahawa chini ya Ngong. Shamba hilo lilifikia ekari 6,000, ingawa zilizopandwa kahawa zilikuwa kama 600 tu. Eneo lilikuwa juu mno kwa kahawa, na hasara haikuwahi kuisha. Ndoa nayo haikudumu. Denys alijuana na bibi huyu mwaka 1918, katika chakula cha jioni kwenye Muthaiga Club, na miaka iliyofuata nyumba ya shamba ikawa kituo chake. Kazi yake sasa ilikuwa kuongoza safari za uwindaji za matajiri. Akirudi porini alifikia pale, na vitabu vyake vilikuwa pale. Hakuwa na nyumba nyingine bara.

Hapa ndipo penye habari ya mvinyo. Denys na Berkeley Cole waliifanya nyumba ile kama yao. Walikagua kilichopungua, wakaleta. Walihakikisha mvinyo na tumbaku ni ya daraja la juu, wakaagiza vitabu na sahani za santuri kutoka Ulaya. Berkeley alipokuwa mgeni alitaka chupa ya shampeni kila siku saa tano asubuhi, nje msituni, na tena katika glasi bora kuliko zote za nyumba. Berkeley alifariki mwaka 1925, akabaki Denys. Ndiye aliyemfundisha mwenyeji wake Kilatini na washairi wa Kiyunani, na ndiye aliyemletea santuri. Jioni bibi alimsimulia hadithi, mfano wa yule mke wa mfalme katika Alfu Lela Ulela, na kunako hadithi hizo ndiko kulikoanza kazi yake ya uandishi.

Kuna asubuhi moja ya mwaka mpya inayosimuliwa sana. Wawili hao walikuwa njiani kuelekea Narok. Wakamkuta simba jike juu ya mzoga wa twiga, wakampiga risasi, na baadaye kidogo wakampiga dume. Kisha wakakaa majanini na chupa ya mvinyo mwekundu, zabibu kavu na lozi zilizochukuliwa kwa ajili ya sikukuu, wakala na kunywa karibu na simba waliolala. Anayeusoma ukurasa ule leo aweza kupendezwa au kuchukizwa. Mimi yananipata yote mawili kwa zamu.

Kwetu mgeni huja na kitu mkononi, walau sukari au tende, na mwenyeji hufurahi. Kwa kipimo hicho Denys alikuwa mgeni mwenye adabu kuliko wengi. Hakuwa mzigo. Lakini wazee wetu wana kipimo cha pili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la shamba lile hakupewa Denys. Walilishika Wakikuyu waliokuwa wakiishi juu ya ardhi hiyo kama maskwota, ambao walipaswa kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa mahali ambapo wengine wao walikuwa wamezaliwa. Basi mgeni alikuwa nani, na mwenyeji nani? Bibi mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amefika kwa meli.

Tazama pia waliosimama kuizunguka meza. Farah Aden, Msomali, Mwislamu, aliipanda meli ya bibi huyo Aden mwaka 1913 na akawa msimamizi wa nyumba yake kwa miaka yote iliyofuata. Alishika fedha na funguo, akapokea wageni, akasimama nyuma ya kiti wakati wa chakula. Mvinyo ulioletwa na Denys ulipita katika nyumba iliyokuwa mikononi mwa mtu ambaye dini yake iliuharamisha. Wapishi na watumishi wa Kikuyu walizuiwa na kitu kingine. Sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika pombe za Kizungu, na katazo hilo liliendelea miaka mingi baada ya wote hawa kuondoka. Mwafrika aliweza kubeba kreti kutoka steshini, kupoza chupa, kuifungua na kumimina. Kunywa ingekuwa jinai. Kwa hiyo meza ile ilikuwa na ada yake kama meza ya meli, ila haikulipwa na aliyekuja na chupa.

Wapenzi wa Denys watasema namwonea, na wana hoja. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliandika kwenye gazeti la The Times la London kupinga watu waliokuwa wakiwapiga simba wa Serengeti kutoka ndani ya magari. Alianza kupendelea kamera kuliko bunduki. Alimwongoza Mwanamfalme wa Wales katika safari za 1928 na 1930, na angeweza kuishi kwa kutembeza umashuhuri huo tu, lakini alitumia sauti yake kwa wanyama wasioweza kumlipa. Hilo ni jema na libaki jema.

Sasa Takaungu. Denys alikuwa na kipande cha ardhi kando ya mto wa bahari, kama maili 30 kaskazini ya Mombasa, penye magofu, kisima cha kale na miembe. Akajenga nyumba ndogo. Alipopata ndege, mwaka 1930, alikuwa na uwezo wa kutoka Ngong na kufika baharini bila kuzunguka na treni. Maandishi ya Kizungu huiita sehemu hiyo kama mahali pa upweke, mawe ya Waarabu waliopotea na mwezi juu ya bahari. Msomaji wa Takaungu atashangaa kusikia kuwa babu zake walipotea.

Wamazrui walihamia Takaungu baada ya kunyang'anywa Mombasa na Sayyid Said mwaka 1837. Mwaka 1895, Liwali Salim bin Khamis alipofariki, Waingereza waliingilia ugomvi wa nani amrithi, na hapo vikazuka vita vya Mbaruk bin Rashid vilivyoendelea hadi 1896, Mbaruk akavuka kwa Wajerumani. Miaka 12 baadaye ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908: kila mwenye dai aje alithibitishe, na ardhi isiyothibitishwa ihesabiwe ya serikali. Tunajua sote matokeo yake, maana kesi za maskwota wa pwani zingali zikisikilizwa. Denys hakuitunga sheria hiyo wala hakupigana na Mbaruk. Alikuja baadaye, wakati pwani ilikuwa imekwisha kuwa mahali ambapo mtu wa bara mwenye fedha hununua pembe ya utulivu. Kati ya wanunuzi wa namna hiyo waliofika tangu hapo, wengi hawakuwa na hata nusu ya adabu yake.

Ndege ile, Gipsy Moth ya rangi ya manjano, ilikuwa na viti viwili. Mei 1931 alipanga kuruka hadi Takaungu, na kurudi kupitia Voi kutafuta tembo kutoka angani. Bibi wa Ngong aliomba kwenda naye. Alikubali, kisha akabadili mawazo: safari itakuwa ngumu, huenda akalala porini, na atahitaji mtumishi. Kiti cha pili akakikalia Mkikuyu aitwaye Kamau.

Huku pwani propela iliharibiwa na jiwe la tumbawe wakati wa kutua, ikabidi aletewe nyingine kutoka Nairobi. Wakafika Voi. Asubuhi ya tarehe 14 Mei ndege ikapaa, ikazunguka uwanja mara mbili, ikaanguka na kuwaka moto. Denys alikuwa na miaka 44. Wote wawili walikufa.

Mwili wa Denys ulichukuliwa hadi Nairobi ukazikwa Ngong, mahali ambapo yeye na bibi walikuwa wamepachagua zamani. Siku ya kuchimba kaburi kulikuwa na ukungu na mvua. Kaka yake baadaye akasimamisha mnara wa mawe. Ikazuka habari kwamba simba jike na dume walionekana wakilala juu ya kaburi, na wapenzi wake wameishikilia habari hiyo tangu hapo. Mwaka 1985 ikatoka filamu, Robert Redford akiwa Denys, na watalii wakaanza kupanda kilimani.

Shamba lilikuwa limekwisha kuuzwa. Miezi ya mwisho ya bibi huyo ilikwenda katika kazi ambayo filamu haikuipa nafasi ya kutosha. Alizunguka ofisi za serikali akidai maskwota wake wasitawanywe, wapewe mahali pamoja, na hatimaye wakakubaliwa eneo katika msitu wa hifadhi wa Dagoretti, huku huku kwetu. Nikienda sokoni Kawangware nafikiri kwamba huenda baadhi ya wanaoniuzia sukuma ni vitukuu vya watu hao. Kisha akapanda treni kwenda Mombasa, Farah akimsindikiza, na ameandika kwamba aliviona vilima vya Ngong kutoka stesheni ya Samburu. Sisi tunaoijua Samburu ya Kwale, karibu kilomita 400 kutoka Ngong, tumwachie. Huzuni ina macho yake.

Nyumba yake ni makumbusho tangu 1986, na kutoka Satellite si safari: Ngong Road hadi Karen, basi. Wageni huonyeshwa meza ya chakula, na mwongozo huwatajia aliyekuwa akiketi wapi. Kaburini juu ya Ngong, pamoja na mnara, pana kibao cha shaba chenye jina na miaka. Ni cha Denys peke yake. Wanaoandika habari za ajali ya Voi humtaja Kamau kwa jina moja tu, wakiongeza kwamba alikuwa mtumishi, kisha huendelea na simba.