Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwandishi wa Vitabu vya Watoto Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, vitabu tuvisomavyo utotoni tunavifungua mara nyingi hata kurasa zikachakaa, wala hatuulizi ni nani aliyeviandika. Mtoto hudhani kitabu kimekuwapo tu, kama mlima. Katika karatasi hizi twataka kumtaja mmoja wa waandishi hao, naye ni mwenyeji wa pwani yenu, kwa hiyo huenda wengi wenu mkamjua kuliko nimjuavyo mimi.

Mwenye kuandika haya hakulelewa pwani. Alilelewa Litembo, katika milima ya Umatengo iliyo juu ya ziwa la Nyasa, ambako watu hulima ngolo katika miteremko, na sauti isikiwayo asubuhi ni kengele ya misheni ya Wabenediktino. Nyumba za Waislamu zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mwalimu hatukuwa naye. Tulikuwa na baba, mwuza nguo aliyepanda kutoka Lindi kwa njia ya Songea, na katika sanduku lake mlikuwa na msahafu na kijitabu cha Masomo ya Dini. Kiarabu alichokisoma chuoni kilikuwa kimekwisha kumpotea, lakini Kiswahili kilikuwa chake. Na kwa kijitabu hicho tulijua kutawadha na kusali kabla hatujaonana na sheikh yeyote. Ninyi mlio na misikiti kila mtaa, yawezekana hamuoni ukubwa wa jambo hili.

Kijitabu hicho kilitungwa na Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1308 wa Hijra, nao ni 1891 wa Masihi, katika ukoo wa Mazrui ambao hapo kale walikuwa watawala wa mji huo, mpaka Sayyid Said alipowaondoa katika mwaka 1837. Baba yake, Sheikh Ali, alikuwa mwanachuoni mashuhuri wa madhehebu ya Shafii, na zama za Sayyid Barghash alipata kutiwa kifungoni kwa ajili ya mafundisho yake. Alifariki katika mwaka 1894, naye mwanawe hajatimiza miaka minne. Yatima huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akavuka Unguja kutafuta elimu kwa mabahari wawili wa zama hizo, Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1925.

Tena alikuwa msomaji wa magazeti. Lilimfikia kutoka Misri gazeti la Al-Manar la Sheikh Rashid Rida, na humo akayajua mawazo ya Sheikh Muhammad Abduh: kwamba udhaifu wa Waislamu si wa dini yao, bali ni wa kuacha kuifahamu. Alipotazama Mombasa aliona jambo hilo kwa macho. Vijana walihitimu Kurani wala hawakujua maana ya sura waliyoisali kila siku. Masheikh waliandika kwa Kiarabu, na Kiswahili kiliachiwa tenzi na kasida. Na wakati huohuo wageni walikuwa wakikitumia Kiswahili kwa bidii kubwa. Katika mwaka 1923 Padre Godfrey Dale wa misheni ya UMCA alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, pamoja na maelezo yake ya kuipinga. Ni misheni hiyo ambayo meli yake, Chauncy Maples, ilishushwa katika ziwa letu la Nyasa mwaka 1901. Kwa hiyo sisi wa huko hatukuwa na haja ya kuambiwa kwamba kitabu husafiri mbali kuliko mwenye kukiandika.

Sheikh Al-Amin hakujibu kwa kulalamika. Katika mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iitwayo Sahifa, kwa Kiswahili, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika juu ya elimu ya watoto wa kike, juu ya gharama za arusi na matanga zinazowatia watu katika deni, juu ya vijana waigao mavazi ya Wazungu wakaacha kuiga ustadi na bidii yao. Maneno yake hayakuwapendeza wote, hasa aliposema juu ya mambo yaliyozushwa katika dini; na kwa kweli ukali wake mara nyingine ni mwingi. Makala hizo zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichopigwa chapa mwaka 1944. Alishughulika hata na herufi za Kiarabu, akazipanga ili ziweze kubeba sauti za Kiswahili ambazo Waarabu hawanazo, mfano wa p na ch.

Lakini kwangu mimi kazi yake kubwa ni ile ndogo, yaani vitabu vya wanaoanza. Mwanachuoni wa daraja yake, aliyekuwa Kadhi wa Mombasa tangu 1932 na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, angeweza kutunga kwa Kiarabu tu akasifiwa na wanachuoni wenzake. Kwa Kiarabu aliandika tarikhi ya ukoo wake, nayo haikutolewa chapani mpaka 1995. Kwa watoto alishuka, akasema maneno wayasemayo nyumbani. Alianza na tafsiri ya Kurani, na sehemu zake zilipigwa chapa yeye amekwisha kufa. Kazi hiyo ikaja kutimizwa na mwanafunzi wake, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye Kurani Takatifu yake ilitoka 1969.

Alifariki Mombasa mwaka 1366, nao ni 1947. Aliacha watoto, na katika hao Ali, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne, ambaye baba yake alikuwa akitaka apelekwe Al-Azhar. Hakwenda huko, alisoma Uingereza na Marekani akawa profesa mashuhuri, mpaka alipofariki mwaka 2014.

Kijitabu cha baba yangu kilikuwa kimepoteza jalada na ukurasa wa mbele tangu sijakijua. Miaka yote ile ya Litembo tulikiita kitabu cha baba. Jina la mwandishi nililisoma mara ya kwanza nilipoteremka Lindi, katika nakala ya mtoto mwingine chuoni, nikamwomba anipe niliandike juu ya changu.