Isaac Newton na neno uvutano

Isaac Newton alizaliwa mwaka 1642 katika kijiji cha Woolsthorpe, Uingereza, miezi mitatu baada ya baba yake kufariki. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu mama yake aliolewa tena na kumwacha alelewe na bibi. Baadaye mama alimtoa shuleni asimamie shamba. Kazi hiyo ilimshinda, akarudishwa masomoni, na mwaka 1661 akaingia Chuo cha Trinity, Cambridge.

Mwaka 1665 chuo kilifungwa kwa sababu ya tauni, naye akarudi kijijini. Hapo ndipo penye kisa cha tofaa. Watahiniwa wengi huandika kwamba tofaa lilimpiga kichwani akagundua kuwa vitu huanguka. Si hivyo. Kwamba vitu huanguka hata mtoto alijua, na wasomi walikuwa na jina lake la Kilatini, gravitas, yaani uzito: tabia ya kitu kizito kushuka chini. Alichojiuliza Newton ni kama nguvu inayolivuta tofaa inafika hadi mwezini.

Fuata hesabu yake. Mwezi uko mbali na kitovu cha dunia takriban mara 60 kuliko tofaa lililo mtini. Ikiwa nguvu hupungua kadiri mraba wa umbali unavyoongezeka, basi huko juu ni sehemu moja tu ya 3600. Tofaa huanguka kama mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Gawanya kwa 3600, utapata karibu milimita 1.4, na kweli ndicho kiasi ambacho mwezi huinama kuelekea dunia kila sekunde badala ya kwenda moja kwa moja. Mwezi nao unaanguka! Haufiki chini kwa sababu una mwendo mkubwa wa kwenda pembeni.

Kwa miaka mingi hakuchapisha jambo hili. Mwaka 1684 Edmond Halley alimtembelea kumuuliza juu ya njia za sayari, na ziara hiyo ikazaa kitabu cha Principia, kilichotoka mwaka 1687 kwa gharama za Halley. Robert Hooke alidai kuwa wazo la mraba wa umbali lilitoka kwake. Newton alikasirika, akapunguza kumtaja Hooke kitabuni. Katika hili sioni sababu ya kumsifu.

Kitabu hicho kilipanua maana ya neno. Uvutano si tabia ya dunia peke yake. Kila kitu chenye tungamo hukivuta kingine, na tofaa huivuta dunia kwa nguvu ileile. Uzito ni mfano mmoja tu wa uvutano. Kwa hiyo usiandike kwamba mwezini hakuna uvutano: upo, karibu sehemu moja ya sita ya huu wa hapa.

Leibniz wa Ujerumani alimlaumu kwa kutumia neno bila kueleza chanzo cha nguvu yenyewe. Newton alikubali kwamba chanzo hakijui; alichokuwa nacho ni kanuni inayotoa majibu sahihi. Alifariki mwaka 1727 na kuzikwa Westminster Abbey, London. Ile G ya kwenye fomula ilipatikana kutokana na jaribio la Henry Cavendish la mwaka 1798, miaka 71 baadaye.