Wangari Maathai na Msitu wa Kutembelea

Kwetu Kinjumbi, Kilwa, msitu tunauhesabu kwa mbao za mninga na magunia ya mkaa. Ukiingia porini bila panga wala shoka, watu watauliza umefuata nini. Ndiyo maana maisha ya Wangari Maathai yamenikaa kichwani.

Alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri, Kenya. Alisoma Marekani, akarudi, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Angeweza kutulia na kazi yake ya kufundisha chuo. Lakini mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akina mama wa vijijini wakaotesha miche ili wapate kuni na vyanzo vya maji visikauke.

Vita yake kubwa ilikuwa Karura, msitu wa hekta zaidi ya 1,000 ndani ya Nairobi, uliotengwa na serikali mwaka 1932. Sehemu kubwa ilipandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni, ya mbao na kuni. Miaka ya 1990 vipande vyake vikagawiwa kimyakimya kwa wajenzi wa majumba. Mama akaenda na miche yake. Januari 1999 akapigwa hadi kichwa kikachuruzika damu. Wanachuo wenzetu wa Nairobi wakaingia barabarani, vyuo vikafungwa. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki Septemba 2011, mwaka uleule Karura, ikiwa na uzio, ilipofunguliwa kwa umma. Leo watu wanalipa kiingilio, wanatembea, wanaendesha baiskeli. Mikaratusi inapungua, miti ya asili inapandwa, mbega wamerudishwa. Na mti uliosimama unashika hewa ya ukaa. Ukigeuzwa mkaa, unaiachia.

Najua Kinjumbi si Nairobi, hatuna foleni ya walipa kiingilio. Tena ada yangu ya sekondari mjomba aliilipa kwa mkaa, kwa hiyo sina mdomo wa kumwambia aache tu. Ila nikipangiwa shule, wanafunzi wangu nitawapeleka porini mikono mitupu, wajue majina ya miti kabla hawajajua bei zake.