Joseph Thomson, Msomaji wa Miamba Aliyepita Uzaramo

Mwaka huu michango yetu inaelekezwa kwa vijana wanaosoma sayansi. Kwa hiyo tumeona tuwaeleze maisha ya Joseph Thomson, mjiolojia ambaye msafara wake wa kwanza ulipita katika nchi ya Wazaramo.

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, Uskoti. Baba yake alikuwa mwashi, na baadaye akawa na machimbo ya mawe ya mchanga. Kijana alikulia karibu na machimbo hayo, akaona jinsi mawe yanavyolala tabaka juu ya tabaka. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh alifundishwa jiolojia na Archibald Geikie.

Mwaka 1879, akiwa na miaka 21, alikuja kama mjiolojia wa msafara wa Keith Johnston. Waliondoka Dar es Salaam mwezi Mei, wakapita Uzaramo kuelekea Rufiji. Mnyapara wao alikuwa Chuma, Myao mashuhuri, mmoja wa wale walioufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo. Tarehe 28 Juni Johnston alifariki kwa kuhara damu huko Behobeho. Thomson alishika uongozi na, kwa msaada wa Chuma na wapagazi, akafika Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1880 alirudi pwani.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Unguja alimwita. Sultani alikuwa na meli za moshi, na alikuwa amepata habari kwamba kuna makaa ya mawe upande wa Mto Ruvuma. Kama habari ile ni kweli, ingekuwa utajiri mkubwa. Thomson alikwenda akayakagua mawe yenyewe. Aliyoyaona yalikuwa meusi kweli, lakini hayakuwa makaa. Yalikuwa tope la kale lililoganda kuwa mwamba, lenye mafuta kidogo ndani yake, lisilofaa kuendesha meli. Alirudi na jibu hilo, na Sultani hakufurahi. Hata hivyo jibu lilikuwa sahihi, na lilimwepusha kumwaga fedha katika shimo lisilo na kitu.

Jibu hilo lilihusu mahali pale tu. Makaa ya kweli yapo kusini mwa nchi yetu, kama vile Ngaka wilayani Mbinga, na Kiwira. Ndiyo maana ramani ya miamba huchorwa kwa kutembea bonde kwa bonde, kuandika kila tabaka linapoonekana na linakoelekea, na kupima sampuli.

Baadaye Thomson alivuka nchi ya Wamasai hadi Ziwa Victoria. Swala tomi amepewa jina lake, na maporomoko ya Nyahururu huko Kenya yaliitwa kwa jina lake pia. Safari zilimharibu afya. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akiwa na miaka 37.

Kwa nini tunamkumbuka hapa? Wilaya ya Kisarawe ina udongo mweupe wa kaolini katika vilima vya Pugu. Mchanga na mawe ya kujengea vinatafutwa kila siku na jiji linalokua jirani yetu. Mnunuzi anapofika kijijini akasema ardhi hii haina kitu, au mwingine akaahidi utajiri, nani kati yetu ataweza kuyapima maneno yake? Sultani mwenye hazina ilimbidi amwajiri mgeni. Sisi tunao watoto wetu, na jiolojia inafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Safari yao inaanzia kwenye hesabu, kemia na jiografia ya sekondari. Tunamwomba kila mwana Gwata, aliye nyumbani na aliye mbali, achangie kadiri ya uwezo wake: ada, vitabu, vifaa vya maabara, au muda wa kuwafundisha vijana wakati wa likizo. Mchango mdogo pia tunaupokea kwa shukrani.