Beryl Markham: Binti wa Njoro na ndege iliyotakiwa ifike Johannesburg

NEWTOWN, Johannesburg

Ukisimama hapa Newtown, mbele ya jengo la soko la zamani lililofunguliwa mwaka 1913, jioni isiyo na mawingu utaona ndege ndogo zenye propela moja zikikata anga. Nyingine zinatoka Rand Airport, kule Germiston, kusini-mashariki mwa jiji. Wengi hatuzijali. Lakini uwanja huo una habari inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki, nayo ni habari ya mwanamke aliyeongea Kiswahili tangu utotoni na ambaye ndege yake ilitakiwa kuwania kutua pale mwaka 1936.

Mwanamke huyo ni hayati Beryl Markham.

Beryl alizaliwa mwaka 1902 huko Ashwell, Uingereza. Alipokuwa mtoto wa miaka minne hivi aliletwa Kenya, ambako baba yake, Charles Clutterbuck, alianzisha shamba Njoro, akawa anasaga nafaka, anapasua mbao na kufuga farasi wa mashindano. Mama hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza na mtoto wa kiume, akamwacha binti na baba.

Baba alikuwa na kazi nyingi, hivyo mtoto akalelewa zaidi na shamba lenyewe. Wenzake wa kucheza walikuwa watoto wa Kinandi na Kipsigis. Aliwinda nao, akajifunza kutupa mkuki, na Kiswahili kikawa moja ya lugha zake. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, ambaye baada ya kutahiriwa aliitwa arap Ruta. Msomaji lishike jina hili, tutalirudia.

Ukame wa mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia ulimfilisi baba, naye akaondoka kwenda Peru. Binti akabaki Kenya. Alipata leseni ya kufundisha farasi wa mashindano akiwa hajafikisha miaka 20, mwanamke wa kwanza Kenya kuipata. Mwaka 1926 farasi wake Wise Child alishinda mashindano makubwa ya St Leger ya Kenya.

Ndege ziliingia maishani mwake baadaye kidogo. Mwaka 1929 Bi Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways jijini Nairobi, akiwa na rubani Tom Campbell Black. Kiwanja cha Wilson tunachokijua leo kinabeba jina la mama huyo. Campbell Black ndiye aliyemfundisha Beryl kuruka, mwaka 1931.

Mwaka huohuo ulikuwa na msiba. Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa na ndege yake mwenyewe aina ya Gipsy Moth, alianguka Voi tarehe 14 Mei 1931, akafa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Beryl alisimulia baadaye kwamba alikuwa aende naye safari ile, ila Campbell Black alimzuia. Wengine wangeachana na ndege kuanzia siku hiyo. Yeye aliendelea, akapata leseni, kisha akanunua ndege yake mwenyewe, Avro Avian ya viti viwili, ya wazi juu.

Hapa lazima tuulize swali ambalo waandishi wengi hulipita: fedha zilitoka wapi? Kumiliki ndege ndogo, wakati ule kama sasa, si kununua tu. Kuna mafuta, vipuri, banda la kuihifadhi na fundi wa kulipwa. Beryl alikuwa akipata pauni 500 kila mwaka kutoka mfuko ulioanzishwa na Prince Henry, mtoto wa mfalme wa Uingereza, baada ya uhusiano wao kuleta kashfa. Zilikuwa fedha nyingi kwa Kenya ya siku zile. Ujasiri ulikuwa wake, lakini mlango ulifunguliwa na ngozi yake na watu aliofahamiana nao. Yote mawili ni kweli.

Hata hivyo hakuwa tajiri wa kukaa kwenye kiti na kuwaachia wengine grisi. Mwaka 1932 alirusha Avian peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza. Mwaka 1933 alipata leseni ya kurusha ndege kwa malipo, mwanamke wa kwanza Kenya kufanya hivyo. Leseni ile haikutolewa kwa kujua kuruka tu. Rubani alitakiwa aweze kuifungua injini, kusafisha vichujio vya mafuta na kubadilisha vijisehemu vya magneto, yaani mtambo unaotoa cheche.

Sababu ilikuwa wazi. Ukizimikiwa na injini juu ya nyika ya Tsavo hakuna gereji. Mchanga kidogo au tone la maji ndani ya mafuta linatosha kuua mtu. Mafuta yalibebwa kwa madebe na kuchujwa kabla ya kumiminwa. Vitambaa vilivyofunika mbawa vilichanwa na miiba, vikashonwa na kupakwa dawa upya. Viwanja vingi vilikuwa vipande vya ardhi vilivyofyekwa jana yake, na rubani alipita chini kwanza kufukuza pundamilia.

Kwa miaka kadhaa Beryl alifanya kazi hiyo: kubeba barua, wagonjwa na dawa, na kuwatafutia tembo wawindaji kama Bror Blixen. Akiwaona kutoka angani, aliandika ujumbe na kuudondosha ndani ya kifuko chenye uzito. Leo tunajua tembo wetu walivyopungua, na hatuwezi kuipamba kazi hiyo.

Aliyekuwa pembeni yake muda wote ni arap Ruta. Aliyetunza farasi sasa alitunza ndege: kuifuta, kuikagua, kuisukuma, kuingojea. Katika utawala wa kikoloni hakukuwa na njia ya yeye kuketi kwenye kiti cha rubani. Watoto wawili walicheza kwenye vumbi moja la Njoro. Mmoja alipewa anga, mwingine alipewa kitambaa cha kufutia.

Sasa turudi Johannesburg. Mwaka 1936 jiji hili liliandaa Maonyesho ya Dola ya Uingereza, na tajiri Isidore Schlesinger akatoa pauni 10,000 za zawadi kwa mashindano ya ndege kutoka Portsmouth, Uingereza, hadi Rand Airport. Mlowezi wa Kenya, John Carberry, alitaka ndege yake mpya, Percival Vega Gull, ishiriki. Alimwazima Beryl kwa sharti kwamba avuke nayo bahari ya Atlantiki kwanza, kisha airudishe kabla ya mashindano.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 Beryl aliruka kutoka Abingdon, peke yake, bila redio, akilenga New York. Ndani ya ndege kulijazwa matangi ya ziada. Kila tangi lilipoisha injini ilikohoa, naye akapapasa gizani kufungua bomba la tangi jingine, chini yake bahari. Alikwenda kinyume cha upepo usiku kucha. Karibu na nchi kavu ya Canada barafu iliziba matundu ya hewa ya tangi la mwisho, mafuta yakakataa kushuka, na injini ikazima. Alitua kwenye kinamasi cha Baleine, Nova Scotia, pua ya ndege ikazama kwenye tope. Alikuwa angani zaidi ya saa 21. Alitoka na jeraha la paji la uso, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi.

New York ilimpokea kama shujaa, lakini ndege ya Carberry haikufika Johannesburg. Tarehe 19 Septemba, Campbell Black, mwalimu wake, akijiandaa kwa mashindano yaleyale, aligongwa na ndege nyingine akiwa bado ardhini kwenye kiwanja cha Liverpool, akafa. Ndege tisa zilianza safari. Moja ilianguka Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, ikaua watu wawili. Iliyofika Rand Airport, tarehe 1 Oktoba, ni moja tu, ya Scott na Guthrie. Nayo ilikuwa Vega Gull.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya kupanda na kushuka. Aliolewa mara tatu, na mwanawe wa pekee alilelewa Uingereza bila yeye. Mwaka 1942 alitoa kitabu huko Marekani, West with the Night, kikasifiwa na kusahaulika. Wapo wanaodai kuwa mume wake wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika. Ubishi huo haujaisha. Baada ya vita alirudi Kenya kufundisha farasi. Katika miaka ya 1960 aliishi kwa muda hapa Afrika Kusini kwa kazi hiyo, kisha akarejea tena Nairobi.

Uzeeni alikuwa maskini, kwenye kijumba karibu na uwanja wa mbio za farasi. Wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 gari lake lilipigwa risasi, akanusurika. Mwaka 1983 kitabu chake kilichapishwa upya kule California, kikauzwa sana, na miaka yake ya mwisho ikawa na nafuu. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83.

Sisi tunaoishi ugenini tunamwelewa kwa namna fulani. Alizaliwa pengine, akaruka mbali, na kila mara akarudi palepale alipojifunza kuongea. Lakini tunapomsifu, tusimwache arap Ruta amesimama peke yake kwenye kiwanja, na kitambaa mkononi, akitazama juu.