Presha ya Rais Roosevelt ilipanda miaka kumi, ikadhaniwa ni umri

Kijana wa Kisii au Nyamira, jina la Franklin Delano Roosevelt huenda unalijua kutoka somo la historia: Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mkutano wa Yalta, kuundwa kwa Umoja wa Mataifa. Lakini kuna hesabu nyingine ya maisha yake ambayo darasani haitajwi sana, na inamhusu hata huyo babu yako anayesema haumwi chochote, ni uzee tu.

Roosevelt alizaliwa Januari 30, 1882, Hyde Park, jimbo la New York, katika familia yenye mali. Alisomea Harvard, akawa wakili, akaingia siasa mapema. Mwaka wa 1921, akiwa na miaka 39, polio ilimpooza miguu. Wengi walidhani siasa zake zimeishia hapo. Wapi! Mwaka wa 1928 alichaguliwa gavana wa New York, na 1932 akachaguliwa rais, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka vibaya. Alichaguliwa mara nne, jambo ambalo hakuna rais mwingine wa nchi hiyo amewahi kulifanya.

Sasa tuje kwa hesabu yenyewe. Mwaka wa 1935 presha yake ilikuwa 136/78. Nambari ya kwanza ni nguvu ya damu kwenye mishipa moyo unaposukuma. Ya pili ni nguvu inayobaki moyo ukipumzika kabla ya pigo lingine. Kwa mtu mzima, chini ya 120/80 ni sawa kabisa. Ikifika 140/90 au zaidi, tena siku tofauti, hiyo ni presha ya juu inayohitaji daktari. Kati ya hizo mbili ni eneo la kuangaliwa, kwa hivyo 136 yake haikuwa ya kutisha. Ila 1937 ilikuwa 162/98, na Februari 1941 ikawa 188/105. Naye anaongoza nchi, anavuta sigara, anacheka na waandishi wa habari kama kawaida.

Daktari wake, Ross McIntire, alikuwa bingwa wa masikio, pua na koo. Hata hivyo tusimrushie lawama zote. Siku hizo madaktari wengi waliamini ni kawaida presha kupanda mtu anapozeeka, na kwamba kuishusha kunaweza hata kumdhuru.

Hapo ndipo kwetu kunapoingia. Mwaka wa 1929, daktari Mwingereza C. P. Donnison, aliyefanya kazi hospitalini katika wilaya ya Kavirondo Kusini, ambayo makao yake makuu yalikuwa mji huu wa Kisii, alichapisha matokeo yake katika jarida la Lancet. Alikuwa amepima Waafrika 1,000 hivi. Kumbe presha yao haikupanda uzeeni kama ya Wazungu. Kwa wazee ilielekea kushuka. Na kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Kwa hivyo dalili kwamba kupanda si lazima ilikuwa imeshaandikwa, kutoka huku, miaka minne kabla ya Roosevelt kuingia Ikulu. Sidhani kama kuna aliyemwambia.

Machi 1944, baada ya binti yake Anna kuona baba anazidi kuchoka, daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima. Presha 186/108, moyo umepanuka na unashindwa kazi. Bruenn hakuwa na silaha nyingi: dawa ya kuupa moyo nguvu, kupumzika, kupunguza chumvi na sigara. Tembe za presha tunazozijua leo hazikuwepo. Mgonjwa mwenyewe hakuuliza ana nini, wala hakuelezwa. Wananchi waliambiwa ni mzima kwa umri wake, na Novemba wakampigia kura tena.

Februari 1945 alisafiri hadi Yalta kukutana na Churchill na Stalin. (Stalin naye aliuawa na kiharusi 1953.) Aprili 12, huko Warm Springs, Georgia, akiwa ameketi anachorwa picha, alilalamika kichwa kinamuuma vibaya kisogoni, akazimia. Bruenn akapima: zaidi ya 300/190. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Baada ya saa mbili na ushei alikuwa amefariki, miaka 63. McIntire alisema hakuna aliyetarajia, na nambari za miaka kumi zilikuwa kwenye faili.

Mwaka wa 1948 mrithi wake, Truman, alitia saini sheria iliyoanzisha taasisi ya taifa ya moyo, na mwaka huo huo utafiti wa watu 5,209 ukaanza mjini Framingham. Ndio ulioonyesha wazi kwamba presha ya juu huleta kiharusi na ugonjwa wa moyo, iwe kwa kijana au mzee.

Na huku kwetu mambo si ya 1929 tena. Utafiti wa kitaifa wa 2015 uliona karibu Mkenya mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa. Presha hii haiumi, ndiyo maana babu anaendelea kuchuma majani chai akijua yuko fiti.

Ukimpeleka hospitali ya rufaa ya Kisii, ya Nyamira, au zahanati ya karibu, asinywe chai nusu saa kabla. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono usawa wa moyo, wala usimpigishe stori akipimwa. Ikisoma 150/95, usimtangazie ugonjwa hapo hapo; mrudishe siku nyingine apimwe tena. Ikisoma 180/120 na kichwa kinamuuma, kifua kinabana au haoni vizuri, asirudi nyumbani. Na ukiwa hapo, nyoosha mkono wako pia.