Dk Burkitt: Mpasuaji wa jicho moja aliyechora ramani ya saratani ya watoto

WAZAZI wa Bagara, mjini Babati, wanaifahamu malaria kuwa ni homa, baridi na upungufu wa damu. Pengine ni wachache wanaojua kwamba malaria inayomrudia mtoto mwaka hadi mwaka inaweza pia kuvuruga vinasaba ndani ya chembe zake nyeupe za damu, na kuifungulia mlango saratani ya taya. Aliyeanzisha safari ya kuufahamu uhusiano huo ni daktari wa upasuaji mwenye jicho moja, Denis Burkitt.

Alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi ambaye muda wake wa mapumziko aliutumia kuwavisha ndege pete miguuni na kuchora ramani ya maeneo yao. Denis alipoteza jicho la kulia kwa ajali akiwa na umri wa miaka 11. Alianza kusomea uhandisi jijini Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ilimfikisha Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda, kwanza Lira na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Uvimbe wa kawaida hauwi hivyo. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye hali hiyohiyo. Akafukua kumbukumbu za hospitali na kugundua kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi, ila hakuna aliyekuwa ameziunganisha habari zao. Mwaka 1958 alichapisha taarifa yake ya kwanza.

Hakuwa na maabara kubwa. Alichapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma katika hospitali za Afrika kuuliza kama ugonjwa huo umeonekana huko. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa paundi 250. Kwa wiki kumi walisafiri maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita pia Tanganyika iliyokuwa inajiandaa kwa Uhuru.

Ramani iliyotokana na safari hiyo ilishangaza. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow wa Entebbe alieleza kwamba kinachoamua si mwinuko wenyewe, bali joto na mvua, yaani mazingira ya mbu. Babati, ulio kando ya ziwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300, ni aina ya mji ulio ukingoni mwa ramani kama hiyo.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyeomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964, Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kuona kirusi ndani ya chembe hizo. Lakini kirusi hicho wanacho watu wengi duniani, na ni wachache mno wanaougua. Swali likabaki: malaria inaongeza nini?

Jibu limepatikana katika vimeng'enya, mafundi wadogo wa ndani ya chembe. Maandishi ya vinasaba yana herufi nne: A, T, G na C. Kila siku baadhi ya C huharibika zenyewe na kugeuka U, herufi isiyo ya hapo. Mwaka 1974 Tomas Lindahl wa Sweden alieleza kimeng'enya kinachoitambua. Hupita juu ya uzi wa vinasaba na kuivuta herufi ndani ya kijimfuko chake. U hukaa sawasawa. T, inayofanana nayo sana, haiingii kwa sababu ina kinundu cha ziada. U hukatwa, kimeng'enya cha pili hukata uzi, cha tatu hujaza herufi sahihi, na cha mwisho huunga. Lindahl alitunukiwa Nobel mwaka 2015 pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Chembe nyeupe zinazotengeneza kinga zina kimeng'enya kingine kinachogeuza C kuwa U kwa makusudi, ili kinga inolewe. Malaria ya kujirudia hukifanya kifanye kazi kupita kiasi. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha hivyo: nyuzi zilikatika pasipostahili, na mafundi wakaunga ncha zisizohusiana. Katika saratani ya Burkitt, kwa kawaida kipande cha kromosomu ya 8 huungwa na ya 14, na jeni inayohimiza chembe kugawanyika hukosa breki.

Burkitt hakuyajua hayo alipokuwa Mulago, lakini alijaribu dawa. Mojawapo, saiklofosfamidi, huzifunga pamoja nyuzi mbili za vinasaba, na chembe inayogawanyika kwa kasi hufa kabla haijajikarabati. Baadhi ya watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa walipona. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Lasker nchini Marekani.

Aliondoka Uganda katika miaka ya 1960, akawa maarufu tena kwa kuhimiza vyakula vyenye makapi mlo. Alifariki Machi 23, 1993 huko Gloucester, Uingereza, akiwa na miaka 82.

Urithi wake unamhusu kila mzazi. Chandarua humkinga mtoto dhidi ya homa, na pia huzipunguzia chembe zake kazi ya hatari. Na mtoto ambaye meno yake yanalegea huku taya likivimba asiishie kung'olewa jino. Afikishwe hospitali mapema, kwani uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miaka, na ukiwahiwa hutibika.